Fundi Verdiana na Mabawa ya Nyuki

Verdiana Oswald alinunua cherehani yake ya mkono tarehe 11 Machi 1950, siku ya Jumamosi, katika duka moja la mjini Kilosa. Tarehe hiyo imechorwa kwa msumari kwenye mfuniko wa mbao wa cherehani. Aliyeichora ni mumewe, Beda, ambaye siku hiyo aliibeba kichwani kutoka mjini mpaka kambi ya mkonge na kumkatalia kila aliyetaka kumpokea, kwa sababu alitaka watu wamwone.

Verdiana alizaliwa kambini hapo hapo. Baba yake alitoka Songea kwa miguu kuja kukata mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba. Mkataba ukaisha, akatia saini mwingine, na mwisho akaacha kuzungumzia safari ya kurudi. Binti alifundishwa kushona na masista wa misheni, lakini jicho alikuwa nalo mwenyewe. Mteja akimsimulia gauni aliloliona Morogoro kwa mke wa karani, Verdiana hakuuliza linaitwaje. Aliuliza kiuno kinaanzia wapi, mikono imeunganishwa wapi, na linafungwa mbele au nyuma. Akishajibiwa hayo, gauni lilikuwa limeshamwingia kichwani.

Kwa sababu ya jicho hilo, chama cha ngoma cha wanawake wa kambini kilimfanya fundi wake. Na kwa sababu ya jicho hilo hilo, chama kizima kiligeuka nzi.

Ni vizuri kueleza mambo yalivyokuwa. Miaka ile Kilosa ilikuwa na vyama viwili vya ngoma ya wanawake vilivyohesabika. Nyuki kilikuwa cha kambi ya mkonge, chama cha wake na mabinti wa watu waliotoka Songea, Tabora na Njombe. Kipepeo kilikuwa cha mjini, cha wenyeji wa bonde la Mkondoa na familia za wafanyabiashara wadogo. Kila mwaka, masika yakishakatika na mahindi yakishaingia ghalani, vyama hivyo vilikutana kwenye uwanja wa karibu na stesheni. Hakukuwa na kikombe wala ng'ombe wa zawadi. Lililoshindaniwa lilikuwa jina.

Chama kilichoshindwa kilivuliwa jina lake. Washindi walikipa jina jingine, baya kadiri walivyopenda, na kwa jina hilo kiliitwa mpaka mashindano yaliyofuata: sokoni, kisimani, hata msibani. Kukasirika hakukuruhusiwa. Ulikuwa utani, lakini utani wenye sheria, na sheria moja ilikuwa na meno. Chama kikishindwa mara mbili mfululizo, jina lake la kwanza linazikwa, halirudi tena.

Mwaka 1952 Verdiana aliwashonea wenzake mavazi ya nyuki ambayo kambi nzima iliyasifu. Alikata kaniki nyeusi na amerikani aliyoichovya kwenye manjano, akaviunganisha kwa mistari. Mabawa aliyafanya kwa bafta nyepesi iliyokazwa kwa uji wa muhogo na kunyooshwa kwenye fito za mwanzi. Kabla ya kukata, alikaa siku nzima karibu na pipa la maji nyuma ya nyumba yake akiwatazama nyuki wanaokuja kunywa. Kila nyuki aliyemwona alikuwa na bawa moja kulia na moja kushoto. Akashona hivyo.

Siku ya ngoma, Nyuki walicheza vizuri kuliko miaka yote. Ngoma iliponyamaza na wachezaji wakasimama wakihema, kiongozi wa Kipepeo alitoka upande wake na kuingia uwanjani polepole. Jina lake Mwamvua, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kuvuka mto. Baba yake alikuwa mrina asali wa milimani, na yeye mwenyewe alikulia chini ya mizinga. Alimzunguka mchezaji wa mbele, Bibiana, kiongozi wa Nyuki, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Moja," alisema, akigusa bawa la kulia. "Mbili," akigusa la kushoto. Akapita nyuma, akainama, akatazama chini ya kwapa. "La tatu liko wapi, mwenzangu?"

"La tatu la nini?" Bibiana aliuliza.

"Nyuki ana mabawa manne. Mwenye mawili namjua, huja kwangu kila nikipara samaki." Mwamvua aliwageukia watu. "Jamani, nani aliacha mlango wazi? Wameingia nzi!"

Uwanja mzima ulilipuka. Waamuzi wenyewe, karani wa stesheni na wenzake wawili, walicheka mpaka wakashikana mabega. Baada ya hapo hapakuwa na la kuamua.

Mwaka uliofuata haukuwa rahisi, ingawa hata walioteseka walikiri baadaye kwamba walicheka sana. Sokoni Verdiana alikaribishwa na wauza samaki kwa kupungiwa vitambaa. "Shii! Shii! Ondoka kwenye kambale wangu, Bi Nzi!" Nyumbani hakupona. Beda, aliyefanya kazi ya kulisha majani ya mkonge kwenye korona, ile mitambo ya kukamulia singa, yaani nyuzi za mkonge, alirudi jioni na utani mpya kila siku.

"Mke wangu, leo umepika, au utatua tu kwenye sahani ya jirani?"

"Nitatua juu ya pua yako ukiwa umelala."

"Karibu. Lakini nawa miguu kwanza. Yote sita."

Bibiana ndiye hakucheka. Alikuja siku moja na kukaa juu ya kinu kilicholazwa mlangoni pa Verdiana. "Mdogo wangu, nakupenda," alisema. "Lakini mwakani tukiwa nzi tena, tutakuwa nzi mpaka wajukuu. Jina alilolianzisha mama yangu litazikwa mikononi mwangu. Likizikwa, cherehani hiyo utashonea magunia. Vazi la ngoma hutashona tena, si hapa kambini."

"Dada, niliwatazama kwa macho yangu."

"Basi tazama tena."

Lililomuuma Verdiana ni hilo. Hakuwa amekisia. Alikuwa ametazama, na kutazama ndiyo kazi yake. Alirudi kwenye pipa la maji, na nyuki wakawa wale wale, na bawa moja kila upande. Akaanza kufikiri kwamba labda Mwamvua alidanganya uwanja mzima. Wazo hilo lilimfariji kwa muda.

Kisha siku moja alimkuta nyuki aliyekufa ndani ya kopo la maji ya sukari aliloliweka kando ya pipa. Alimtoa kwa ncha ya sindano na kumlaza juu ya kipande cha bafta nyeupe, kama alivyozoea kulaza kifungo kilichovunjika ili akitafutie mwenzake. Alipolivuta bawa ili alinyooshe, liliachana. Yalikuwa mawili. Bawa kubwa la mbele lilibaki mahali pake, na bawa dogo la nyuma likasogea pembeni, zima, lisilo na mpasuko wowote. Akajaribu upande wa pili. Kule nako yaliachana vivyo hivyo.

Verdiana alimkunja nyuki ndani ya kitambaa, akavaa viatu, akaenda mjini kwa fundi saa.

Fundi saa huyo aliitwa Wenceslaus. Kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzirekebisha saa za watu waliotaka kulaumu treni. Alikuwa na kioo cha kukuzia, kile cha kubana kwenye jicho. Alisikiliza hadithi yote bila kutabasamu, akaweka kioo jichoni, akainama juu ya nyuki.

"Bi mdogo," alisema mwishowe, "huyu ana kulabu."

"Kulabu wapi?"

"Ukingoni mwa bawa la nyuma. Safu nzima. Tazama mwenyewe."

Verdiana alitazama. Kwenye ukingo wa juu wa bawa dogo palikuwa na safu ya vikulabu, vyembamba kuliko kitu chochote alichowahi kukiona, vyote vimepinda upande mmoja. Na bawa la mbele, ukingoni mwake, lilikuwa limekunjwa kidogo kama pindo, mahali pa kulabu kushikia.

"Kulabu na pindo!" alisema kwa sauti, mpaka mteja wa jirani akageuka. "Anayafunga kama gauni mgongoni! Akiruka anayafunga, yanakuwa mawili. Mimi nilimtazama akiwa amefunga vifungo!"

"Kwa hiyo hukukosea kutazama," Wenceslaus alisema. "Ulimkuta amevaa."

Hapo Verdiana alicheka kuliko alivyowahi kucheka tangu apewe jina lile, akacheka mpaka fundi saa akafunika saa zake kwa mkono. Kisha wote wawili, watu wazima wenye kazi zao, wakaacha kazi. Wenceslaus alimpiga nzi dirishani na kumweka chini ya kioo. Huyo kweli alikuwa na mabawa mawili tu. Nyuma yake, mahali ambapo jozi ya pili ingekaa, palikuwa na virungu viwili vidogo.

"Hapa mikono iling'olewa ukabaki uzi," Verdiana alisema. "Macho yamejaa kichwa kizima. Kiuno hana. Na vipapasio, hivi vya usoni, vyake vifupi kama vya kuazima, wakati vya nyuki ni virefu na vina kiwiko. Na sisi tulivaa vifupi. Mungu wangu, tulikuwa nzi kweli."

Alirudi kambini na kitu kimebadilika. Tangu siku hiyo aliwatazama wadudu wote kama anavyotazama nguo, na kambi ya mkonge si mahali pa kukosa wadudu. Nyuma ya korona palikuwa na vilima vya makapi mabichi, yale mabaki ya jani singa ikishatoka, na vilima hivyo vilivuma mchana kutwa. Wanawake wenzake walianza kumletea viumbe ndani ya majani yaliyokunjwa. Mwanzoni ulikuwa utani, kisha ukawa mchezo, na saa ya chakula cha mchana mchezo huo ukawa na wafuasi kuliko bao.

"Fundi, huyu nani?"

"Mlaze hapa. Miguu sita, ndiyo. Vipande vitatu: kichwa, kifua, tumbo. Na kila kitu kimeshonwa kifuani, miguu na mabawa. Tumboni hapashonwi mguu. Sasa, ana koti gumu mgongoni, mapande mawili yamekutana katikati kwa mstari mmoja mnyoofu. Ukilifunua, ndani kuna bawa jepesi limekunjwa. Koti na bitana. Huyo ni mbawakawa."

"Na huyu mwenye pua ndefu, anayetoboa vigogo vya mkonge?"

"Huyo fukusi. Pua isikutishe, tazama koti. Ni mbawakawa aliyekwenda kuchonga pua."

Kunguni mwekundu wa kwenye pamba alimtambua kwa mdomo, sindano iliyolazwa chini ya kifua, na kwa mabawa yaliyopishana mgongoni kama khanga iliyofungwa msalaba. Panzi alikuwa na suruali pana mapajani na nyembamba chini. Kereng'ende wa mtoni alikuwa na mabawa manne yaliyo wazi daima, "kama mtu aliyeanika nguo na kuzisahau." Nyigu alikuwa na kiuno ambacho hakuna fundi angethubutu kukikata. Kumbikumbi hakuwa na kiuno kabisa, na mabawa yake manne yalilingana urefu, wakati chungu mwenye mabawa ana kiuno, na mabawa yake ya mbele huyapita ya nyuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwakaanga wote pamoja miaka yote aliposikia hilo alisema, "Ndiyo maana vingine vilikuwa vichungu."

Siku moja wakamletea buibui. Verdiana alihesabu miguu na kumrudisha kwenye jani lake. "Miguu minane, vipande viwili, hana bawa wala kipapasio. Huyu si wa duka hili."

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Aprili mwaka 1953, ilipotangazwa kwamba mwezi Juni ngoma zitachezwa Kilosa kwa sherehe za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Kambi ya mkonge na mji vilipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, kila upande kwa sababu zake. Mashindano yakapangwa Jumamosi tarehe 6.

Baada ya tangazo hilo Mwamvua alifika kambini kwa Verdiana, amebeba furushi la vitambaa. Fundi wa Kipepeo alikuwa amehamia Morogoro na cherehani yake, na mjini hakuna mwingine aliyejua kukaza bawa.

"Hodi, Bi Nzi."

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto hawajambo? Mabuu yanakua?"

"Yanakua, dada. Yanakuulizia. Yanasema yule shangazi anayenukia samaki haji?"

Mwamvua alicheka kwa moyo wote, akaketi, akapewa maji. Kisha akaeleza anachotaka. Kipepeo wa mwaka huu angekuwa wa kifahari. Mwili mnene, uliojazwa sufi, uwe na manyoyamanyoya. Kichwani vipapasio vya manyoya ya jogoo, mapana, ya kutikisika. Na ngoma ikinyamaza, wachezaji watue, mabawa wayalaze wazi pande zote mbili, chini kabisa, ili watu waone rangi.

Verdiana alikuwa na chaki mkononi. Aliiweka chini.

"Dada, nikwambie jambo la kazi?"

"Sema."

"Huyo unayemtaka si kipepeo. Kipepeo kipapasio chake ni uzi mwembamba wenye kirungu mwishoni, kama kijiti cha kibiriti. Mwili wake mwembamba. Na mara nyingi akitua huyafunga mabawa juu mgongoni, kama viganja vya mtu anayesali. Mwenye manyoya kichwani, mwili wa sufi, mabawa yamelazwa, huyo ni nondo."

Mwamvua aliweka maji chini. Kisha akapiga paja.

"Ehee! Nimeuona ujanja. Nzi anataka kunivua manyoya yangu, nitokee uwanjani na njiti za kibiriti kichwani, watu wanicheke!"

"Sikutanii. Ni kazi."

"Nyuki nawajua, nimeumwa nao tangu utotoni. Na vipepeo nao nimewaona. Ni wazuri, basi. Wewe shona, Bi Nzi."

Verdiana akashona kama alivyoagizwa, na akashona vizuri, kwa sababu hakujua kushona vibaya.

Habari zilimfikia Bibiana kabla ya jioni. Alikuja akikimbia, jambo ambalo kiongozi wa ngoma hafanyi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Verdiana! Mungu ametuletea adui yetu mlangoni, amejivika mwenyewe, na wewe unamwambia vua?"

"Mteja akileta kitambaa kilichooza namwambia kimeoza. Akisema shona, nashona. Nikinyamaza, mimi si fundi, ni mwizi wa vitambaa."

"Na akienda nyumbani akafikiri? Akaja na hizo njiti zako?"

Verdiana alirudi kwenye cherehani. Alilifikiria jambo hilo kila siku mpaka Juni. Kama Mwamvua angeamini, Kipepeo wangeingia uwanjani bila kasoro, na wao walikuwa wachezaji bora. Kila mtu alilijua hilo, hata kambini. Nyuki walikuwa na jambo moja tu la kuwazidi, na jambo hilo lilikuwa bado mezani kwake, likingoja vikulabu vya shaba ambavyo alikuwa amevifumua kwenye magauni ya zamani ya wateja wake, kwa ruhusa yao.

Jumamosi ya tarehe 6 uwanja wa stesheni ulijaa mpaka watu wakapanda mabehewa ya mizigo. Kipepeo walianza. Waliingia kwa mstari, manyoya ya jogoo yakitikisika vichwani mwao, mekundu na ya kijani iliyokolea. Verdiana, akiwa amesimama nyuma ya ngoma na sindano kifuani, alishusha pumzi. Mwamvua hakuwa ameamini. Lakini pumzi hiyo haikudumu, kwa sababu wanawake wale walicheza kama waliokatiwa nyonga upya. Ngoma iliponyamaza walitua wote kwa pamoja na kulaza mabawa, na uwanja ukawa zulia la rangi. Watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyesema nondo. Hakuna aliyejua.

Nyuki wakaingia. Mistari myeusi na ya manjano, kiuno kimebanwa, vipapasio virefu vyenye kiwiko. Na mgongoni mwa kila mmoja, bawa moja kulia, moja kushoto.

Upande wa mjini ulilipuka kabla ngoma haijashika mwendo.

"Nzi! Nzi! Wamerudi na mawili yao!"

"Fundi, bafta iliisha?"

Vitambaa vya kufukuzia nzi vilipepea uwanja mzima. Bibiana hakugeuka. Alicheza akitazama mbele, na wenzake wakacheza nyuma yake, na kelele zilipozidi ngoma ikakata ghafla, kama walivyopanga. Mwamvua, ambaye hakuweza kujizuia, alikuwa ameshaingia uwanjani kwa mwendo wake ule ule wa mwaka jana.

"Moja," alisema, akigusa bawa la kulia la Bibiana. "Mbili." Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Niendelee?"

"Endelea, dada," Bibiana alisema. Akapeleka mkono nyuma, na kidole kikafyatua kulabu.

Bawa la kulia likaachana. La kushoto likaachana. Nyuma yake, mstari mzima ukafanya vivyo hivyo, na mahali palipokuwa na mabawa mawili kwa kila mchezaji pakafunguka manne, ya nyuma madogo, ya mbele makubwa, bafta yote iking'aa kwa jua la jioni.

Mwamvua alisimama mdomo wazi. Alikuwa binti wa mrina asali, na macho yake hayakumruhusu kukataa. Alinyoosha kidole. "Tatu," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sauti yake ya kuvuka mto: "Nne! Jamani, ni manne!" Akalivuta bawa dogo, akaziona kulabu za shaba zilizopangwa ukingoni. "Na yana kulabu! Baba aliniambia ni manne, sikujua yanashikana! Nani kafanya hivi?"

Ngoma ikarudi bila kungoja jibu. Nyuki walicheza wakifunga na kufungua, mawili, manne, mawili, manne, na upande wa mjini ukahesabu pamoja nao kwa sauti mpaka vumbi likafunika miguu ya wachezaji. Beda, aliyekuwa juu ya behewa, alianguka kwa kushangilia na kudakwa na watu asiowajua.

Waamuzi hawakuchukua muda. Karani wa stesheni alisimama juu ya kiti na kutangaza kwamba Nyuki ni Nyuki. Bibiana alilia waziwazi. Kisha, kwa mujibu wa sheria, alitakiwa kuwapa walioshindwa jina. Akamshika Verdiana mkono na kumtoa mbele.

"Jina atatoa fundi," alisema.

Kulikuwa kumeingia giza jepesi, na mezani pa waamuzi palikuwa pamewashwa karabai. Verdiana hakuwa amezoea kusema mbele za watu. Alitazama chini, na hapo, juu ya kitambaa cha meza, karibu na taa, alikuwa ametua mdudu wa rangi ya majivu. Mwili mnene wenye manyoya. Mabawa yamelazwa wazi pande zote mbili. Na kichwani, vipapasio viwili vipana kama manyoya ya jogoo.

Mwamvua alikuwa ameinama kumtazama pia. Kwa muda vichwa viwili, chake na cha mdudu, vilikabiliana chini ya taa, na manyoya yakaelekea manyoya. Watu wa mbele waliona, wakaanza kucheka. Lakini aliyecheka kwanza kuliko wote, na kwa sauti kubwa kuliko wote, alikuwa Mwamvua mwenyewe.

"Niliambiwa!" alisema, akijishika mbavu. "Wallahi niliambiwa! Nzi aliniambia, nikamwambia shona!"

"Nondo," Verdiana alisema. "Mpaka mwakani."

"Nondo!" uwanja ukaitikia.

Mwamvua alifuta machozi kwa ncha ya khanga, akawageukia watu wa kambini na kuinua kidole. "Haya, Nyuki. Hongereni. Lakini nendeni mkafunge masanduku yenu ya nguo, maana tunakuja!"

Jumatatu asubuhi alikuja kweli, na furushi la mavazi ya chama chake. Alimwamkua Verdiana kwa jina la fundi, akaketi juu ya kinu, akaomba aonyeshwe tena jinsi kipapasio cha kipepeo kinavyomalizikia. Verdiana alikata manyoya ya jogoo moja baada ya jingine, akayaweka ndani ya kopo, akaanza kusokota nyuzi.